Naombeni msaada: kuhamisha santuri za marehemu baba kwenda kwenye kompyuta

binti_wa_ngamiani

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisaidie maana nimeangalia video nyingi na kila mtu anaongelea vifaa vya bei ambayo mimi sina.

Baba yangu, Mungu amrehemu, ameacha sanduku la santuri. Nyingi ni zile ndogo za 45, LP chache (zile kubwa za 33), na kuna rundo la zile nzito za zamani za 78 zenye taarab, hizo namba ni mizunguko ya sahani kwa dakika. Zilikaa juu ya kabati Tanga miaka yote hiyo na nyie mnajua unyevu wa kule, baadhi zimeota ukungu mpaka lebo inasomeka kwa shida. Mama yupo na ni mzima, anachotaka ni kuzisikia tu, niziweke kwenye simu na kwenye flashi ya redio yake basi.

Redio gramu ya nyumbani inawaka taa lakini sahani haizunguki. Nimeazima pleya kwa jirani, nikaunganisha zile waya nyekundu na nyeupe na kiwaya cha kubadilisha, nikachomeka kwenye tundu la hedifoni la laptop, nikafungua Audacity, ile programu ya kurekodi sauti. Inarekodi kweli lakini sauti ni nyembamba, kali masikioni, haina besi kabisa, halafu kuna mngurumo mmmmm chini chini muda wote hata wimbo ukiisha. Mama kasikiliza kidogo akasema huyu siye mwimbaji ninayemjua mimi.

Sasa nauliza, tatizo ni pleya, ni laptop au santuri zenyewe zimekufa? Na hizi za 45 wimbo umekatwa, Sehemu ya 1 upande huu na Sehemu ya 2 upande ule, mnaziungaje ziwe wimbo mmoja? Natanguliza shukrani.

---

fundi_kkoo

Pole sana dada kwa msiba, na asante kwa kutozitupa hizo mali maana ngapi zimeishia jalalani watu wakihama nyumba.

Santuri zako hazijafa. Shida iko kwenye njia ya sauti. Sindano ikitembea kwenye mfereji inazalisha umeme mdogo mno, kwa katriji ya sumaku (katriji ni kile kidude kinachoshika sindano) ni kama millivolti 5 hivi, wakati tundu la kawaida la kuingizia sauti linategemea mamia ya millivolti. Na kuna jambo la pili ambalo ndilo linakula besi yako. Kiwandani wakati wa kuchonga santuri besi hupunguzwa makusudi na sauti za juu huongezwa, kwa sababu besi ikichongwa yote mfereji unakuwa mpana na wimbo hautoshi kwenye upande mmoja, na sauti za juu zikiongezwa zinafunika mkwaruzo wa sahani. Viwanda vilikubaliana kipimo kimoja miaka ya 1950 kinaitwa RIAA, kwamba sisi tunachonga hivi na ninyi nyumbani mtarudisha kinyume chake. Kinachorudisha ni fono priampu, kifaa kinachokuza ule umeme mdogo na kurudisha besi mahali pake. Amplifaya za zamani zilikuwa nayo ndani, lile tundu lililoandikwa PHONO, laptop haina. Ndio maana mwimbaji wa mama kabadilika.

Geuza pleya ya jirani uangalie nyuma. Ukikuta swichi imeandikwa PHONO na LINE basi priampu imo ndani, weka LINE. Kama hakuna, tafuta priampu ndogo ya nje, au chukua kadi ya sauti ya USB ambayo inayo tayari, kwa mfano Behringer UFO202 ina swichi ya phono, usichanganye na UCA202 ambayo kwa sura ni ndugu yake lakini haina. Usiwashe priampu mbili kwa mpigo, yaani ya pleya na ya kadi, sauti itapasuka na besi itakuwa tope.

Na achana na lile tundu la laptop. Siku hizi ni tundu moja la hedifoni na maiki, na upande wa maiki ni mono, yaani njia moja tu ya sauti badala ya mbili za stereo, limewekwa kwa mtu kuongea. Pitia USB.

Mngurumo ni umeme wa ukutani, hertzi 50. Kwenye pleya nyingi kuna waya mwembamba wa tatu unatoka pamoja na nyekundu na nyeupe, una kiuma mwishoni, huo ni wa ardhi, ufunge kwenye skrubu ya GND ya priampu. Bado unasikia, chomoa chaja ya laptop urekodi kwa betri, mara nyingi kelele yote inakata hapo hapo.

Ila dada kama una hela ya kitu kimoja tu nunua sindano. Kabla ya kadi, kabla ya yote. Pleya ya kuazima hujui sindano yake imetembea masaa mangapi, na sindano iliyolika inachonga mfereji upya kila ikipita, yaani unaharibu huku unarekodi. Angalia jina la katriji lililoandikwa mbele ya kichwa, ulizia sindano ya namba hiyo hiyo, na uzito wa mkono ufuate katriji, nyingi ni kati ya gramu 1.5 na 3. Watu wanaweka sarafu juu ya kichwa ili isiruke. Usiweke. Ikiruka ujue kuna uchafu au uzito haujapangwa.

---

rumba_na_benga

Habari ya huko Tanga dada. Mimi niko Nairobi, nimekusanya 45 kwa muda mrefu, nyingi nimeokota pale Kenyatta Market. Fundi amemaliza mambo ya waya, wacha niongeze ya usafi kwa sababu hapo ndipo rekodi inaharibika ama inapona.

Osha kabla ya kuweka sindano, usiweke sindano kwenye ukungu hata mara moja. Maji ya bomba yanaacha chumvi kwa mfereji, tumia maji yaliyotoneshwa, yale petrol station wanauza ya kuongeza kwa betri ya gari, lakini soma chupa vizuri maana kando yake huwa wanapanga asidi. Weka tone moja la sabuni ya vyombo kwa lita, chukua kitambaa laini kisichotoa nyuzi, futa kwa kuzunguka ukifuata mfereji, usifute kwa kukata katikati. Lebo isiguswe na maji. Halafu suuza na maji hayo hayo bila sabuni na uisimamishe kivulini ikauke. Ile yenye ukungu mwingi rudia mpaka maji yatoke safi. Na maganda ya zamani yenye ukungu usirudishe santuri safi ndani, weka ganda jipya la karatasi ndani, la zamani ulipige picha na ulihifadhi kando.

Sasa Sehemu ya 1 na ya 2. Hii ni kawaida ya santuri zetu, 45 inabeba dakika nne tano kila upande na bendi zetu zilikuwa hazipigi wimbo wa dakika tatu, mashairi yako upande A, na zile gitaa za kuchangamka ambazo ndizo watu walikuwa wanangojea kwa dansi ziko upande B. Kuna aina mbili na lazima usikilize ujue uko na ipi. Ya kwanza ni wimbo uliopigwa moja kwa moja kwa tepu kisha ukakatwa, Sehemu ya 1 inafifia pole pole mwisho na Sehemu ya 2 inapanda pole pole mwanzo. Hiyo unaweza kuunga: tafuta pigo la ngoma mahali inapoanza kufifia, tafuta pigo hilo hilo mwanzo wa upande B, laza moja juu ya nyingine kidogo, moja ishuke nyingine ikipanda. Katika Audacity ni Crossfade Tracks, sekunde mbili tatu zinatosha. Ya pili ni ile bendi ilisimama kabisa ikaanza tena, unasikia hata kasi si sawa. Hiyo usilazimishe, acha kimya cha sekunde moja katikati, itasikika vile wanamuziki waliipiga.

Lakini faili za pande mbili zenyewe ziweke vile zilivyo, kando. Ya kuunga ni nakala ya mama.

Kingine, 45 nyingi za hapa za miaka ya 60 na 70 ni mono, na pleya yako ni ya stereo. Hii ni zawadi. Ukishika wimbo kwa stereo, fungua njia mbili kila moja pekee yake usikilize. Mara nyingi ukuta mmoja wa mfereji umelika kuliko ule mwingine, kushoto kunakwaruza na kulia ni safi. Chukua ule safi peke yake ufanye mono. Kama zote ziko sawa, zichanganye kuwa mono, kelele nyingi za vumbi zinafutana zenyewe kwa sababu sauti ya mono iko kwa mwendo wa pembeni wa sindano na kelele nyingi ziko kwa mwendo wa juu na chini. Nimesikia gitaa ya pili ikitokea wazi baada ya kufanya hivi, gitaa ambayo hata sikujua iko.

---

binti_wa_ngamiani

Jamani asanteni sana. Swichi ipo kweli nyuma, ilikuwa PHONO. Nimeweka LINE na besi imerudi! Kuchomoa chaja nako mngurumo umepungua karibu wote. Kadi ya USB naifuata wiki hii na sindano nimeshaagiza.

Maswali mawili. Nirekodi kwa kiasi gani ili isijaze laptop? Na zile za 78 pleya hii ina 33 na 45 tu, nimejaribu kuangalia moja kwa macho mifereji yake ni mikubwa tofauti kabisa na hizi nyingine. Kwenye redio gramu ya baba kichwa chake kina kijipini cha kugeuza kimeandikwa 78 upande mmoja na LP upande wa pili, kina maana yoyote?

---

fundi_kkoo

Kwenye Audacity weka 44100 Hz, biti 24, stereo. Angalia mita ya sauti, sehemu yenye kelele kubwa kabisa ya wimbo iguse kama desibeli -6, isifike 0 hata kidogo, maana ikigonga sifuri inakatwa kichwa na hakuna programu inayorudisha. Cheza kwanza sehemu ya mwisho yenye vurugu, panga sauti, halafu ndio uanze rekodi kutoka mwanzo. Spika zizime, sikiliza kwa hedifoni, spika zikipiga karibu na pleya mtikisiko unarudi kwenye sindano. Na feni ya mezani isiwe meza moja na pleya.

Ukubwa ni kama MB 16 kwa dakika kwa WAV ya biti 24, yaani faili ya sauti isiyobanwa. Hifadhi kama FLAC, faili iliyobanwa, inashuka karibu nusu na haipotezi kitu. Ya mama fanya MP3 ya 320, redio za flashi nyingi zinasoma MP3 bila ubishi. FLAC weka kwenye diski ya nje na nakala nyingine mahali tofauti.

Vidonda vya pap pap, usikimbilie kupaka dawa wimbo mzima. Vuta karibu mpaka uone vitone vya wimbi, pale penye pap utaona mwiba umesimama peke yake, chagua ule mwiba tu, tumia Repair, inakubali vitone 128 kwa wakati. Ni kazi ya mkono lakini sauti inabaki nzima. Ukimaliza miiba ndio unaweza kugusa Noise Reduction, chukua sampuli ya kelele kwenye ule mkwaruzo kabla wimbo haujaanza, na usipite desibeli 6. Watu wanaweka 20 halafu tarumbeta zinasikika ziko chini ya maji.

---

rumba_na_benga

Fundi hapo kwa Noise Reduction mimi siko na wewe hata kwa hizo 6. Kwa nakala ya mama sawa, masikio yake ndiyo yanajua. Lakini ile FLAC ya kuhifadhi isiguswe na chochote, hata Repair. Programu za kusafisha zinaboreka kila mwaka, leo ukifuta upatu pamoja na kelele, mtu wa miaka ishirini ijayo akiwa na kifaa kizuri atapata wapi huo upatu? Santuri yenyewe huenda itakuwa imevunjika. Nyingi za hizi nyimbo tepu zake za asili hazijulikani ziko wapi, hii 45 ya Tanga inaweza kuwa ndiyo nakala nzuri iliyobaki.

---

fundi_kkoo

Hapo umenena, mbichi ibaki mbichi. Dada uwe na mafolda mawili, MBICHI na YA MAMA.

---

mzee_wa_muscat

Assalaam alaykum wote. Binti yangu, nimesoma kuhusu hizo 78 na nikaona bora niseme mapema kabla hujazigusa kwa maji. Mimi ni mtu wa Unguja, naishi Muscat, na za kwetu tulizihamisha mimi na wanangu.

La kwanza, hizo za zamani si plastiki, ni za shelaki. Spiriti na pombe ya aina yoyote inaiyeyusha shelaki, kwa hiyo usisikie mtu anayekwambia futa kwa spiriti, hiyo ni kwa vinyl, yaani hizi za plastiki, na hata huko kwa tahadhari. Maji yaliyotoneshwa na tone la sabuni, haraka haraka, usiiloweke, kausha papo hapo. Na ziinue kwa mikono miwili, ikiwa na ufa wa nywele utajua imeshakatika.

La pili ni sindano. Mfereji wa 78 ni mpana, sindano ya LP inazama mpaka chini inaburuza kwenye takataka ya chini na kuta haizigusi sawasawa, utasikia mkwaruzo tu na mwimbaji yuko mbali. Sindano yake ina ncha ya karibu mili 3 (mili hapa ni sehemu moja ya elfu ya inchi, si milimita), ya LP na 45 ni karibu 0.7. Kile kijipini ulichokiona kwenye kichwa cha redio gramu ya baba ndicho hicho hicho, sindano mbili mgongo kwa mgongo, unageuza kutegemea unachopiga. Mzee wako alikuwa anajua. Lakini vichwa vile vizito na sindano yake ina umri, usizipigie hapo. Kwa katriji nyingi za kisasa zinazobadilishwa sindano unaweza kupata sindano ya 78 inayochomeka pale pale, uliza kwa namba ya katriji.

La tatu, kutokuwa na mwendo wa 78 si kizuizi. Piga kwa 45 ukirekodi, halafu kwenye Audacity ingia Change Speed (matoleo mapya imeandikwa Change Speed and Pitch), kuna mahali pa kuchagua kutoka 45 kwenda 78, inapandisha yenyewe. Kupiga taratibu kunasaidia hata kama sahani imepinda kidogo, sindano hairuki. Ila besi haitakuwa sawa kamili, kwa sababu nyingi za 78 zilichongwa kabla ya hicho kipimo cha RIAA alichokieleza fundi na kila kampuni ilikuwa na chake, na kule kupandisha mwendo kunakisogeza zaidi. Rekebisha kwa sikio kwenye nakala ya mama, mbichi iache.

Nakuomba jambo moja binti yangu. Soma lebo za hizo 78 moja moja. Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa His Master's Voice, na baada ya hapo zikaja nyingi za waimbaji wa pwani ambao wengine majina yao yamebaki kwenye lebo tu. Piga picha pande zote mbili, na ule ukingo mweusi kati ya wimbo na lebo ukiuinamisha kwenye mwanga utaona namba zimekwaruzwa, ziandike. Namba hizo ndizo zinazowawezesha watu kujua ilirekodiwa lini na wapi. Na mama akae nawe unapoandika, muulize nani anaimba, nani kapiga udi, shairi la nani. Hayo hayamo kwenye lebo.

---

binti_wa_ngamiani

Wa alaykum salaam mzee wangu, shikamoo. Nimefurahi mno kuhusu kile kijipini, tulikuwa tunakatazwa kukigusa tukiwa wadogo na sikuwahi kujua kazi yake. Nimemsomea mama ulichoandika, ameanza kutaja majina hapo hapo, nimerekodi kwa simu.

Naona lebo za 45 nyingi ni za Nairobi hata za bendi za huku kwetu, ni kawaida?

---

rumba_na_benga

Kawaida kabisa. Tanzania enzi hizo hakukuwa na kiwanda cha kubonyeza santuri, bendi zilirekodi kwa tepu pale Redio Tanzania Dar es Salaam ama zikapanda basi zikaja Nairobi studio, na santuri zikabonyezwa huku. Ndiyo maana Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro santuri zake ni za Nairobi. Ukipata yenye lebo ya Mzuri, hiyo ni ya Mombasa, wana taarab nyingi nzuri, hizo osha kwanza.

Ukipata 45 ambayo katikati imetolewa ikabaki shimo kubwa, hiyo ilikuwa ya jukboksi ya baa, utahitaji kile kiduara cha plastiki cha kuweka katikati. Hakikisha imekaa katikati kabisa, ikiwa kando hata kidogo sauti inayumba na hakuna programu itakusaidia vizuri.

---

dj_chumbageni

Dada ukimaliza zipandishe YouTube tupate na sisi wa Tanga!

---

fundi_kkoo

Hapo pole pole. Kujirekodia umsikilizishe mama ni jambo moja, kuzitangaza ni jingine, wengi wa hawa wanamuziki wapo au wameacha wajane na watoto, na hizo nyimbo zina wenyewe. Kama bendi au familia inajulikana watafute kwanza, wengi wanafurahi wakisikia nakala ipo maana wao wenyewe hawana. Ukiwapelekea FLAC kwenye flashi umewafanyia jambo kubwa kuliko YouTube.

---

binti_wa_ngamiani

Nitafanya hivyo, kuna familia moja naijua ipo hapa hapa Tanga, nitawapelekea. Swali la mwisho, kuna LP mbili zimepinda kama zimeungua jua, nizinyooshe vipi? Kuna mtu kaniambia nizianike.

---

mzee_wa_muscat

Usizianike binti yangu, jua ndilo lililozipinda. Osha, kausha, weka kila moja kati ya vioo viwili safi bapa, juu yake pakia vitabu vizito, ziache chumba chenye baridi ya kawaida kwa wiki kadhaa. Zikigoma, zirekodi hivyo hivyo ilimradi sindano inatembea. Na kuanzia sasa zote zisimame wima, zisilaliane.